Shangazi, naogopa kufungua banda langu

BARUA

Shikamoo shangazi.

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Tunaishi Morogoro, upande wa Kihonda. Nyuma ya nyumba yetu kuna banda la kuku la mita 5 kwa 6, tofali hadi kiunoni, juu wavu, na bati jipya. Lina kufuli tangu Oktoba mwaka jana. Ufunguo ninao mimi, na tangu siku ile sijalifungua.

Mwaka jana mwezi wa nne nilileta vifaranga 100 wa kuku wa nyama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufuga. Nilikuwa nalala nao bandani, naamka kila saa kuangalia kama mkaa kwenye jiko haujazima. Rafiki wa mume wangu, afisa mifugo, ndiye aliyeniletea chanjo kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, akanielekeza kuichanganya na maji ya mvua tuliyokinga kwenye tangi. Walikufa 4 tu. Hadi wiki ya 6 nilikuwa nimeuza wote 96, wengine kwa wauza chipsi, wengine kwa majirani. Nikalipa madeni, nikabaki na faida. Shangazi, nilijiona nimeshaijua kazi.

Nikajiambia, kama 100 wamenipa hivi, 500 watanitoa kabisa. Nikakopa kwenye kikoba chetu shilingi 2,000,000. Mama yangu mzazi, ambaye analima mpunga Ifakara, akauza magunia 6 akanitumia 500,000. Vifaranga 500 wakaja mwanzoni mwa Septemba. Yule afisa alikuwa ameshahamishwa, lakini sikuhangaika, nilikuwa nimeona alivyofanya.

Siku ya 13 nilikwenda mjini saa 4 asubuhi kununua chanjo ya ugonjwa wa Gumboro. Nikaitia kwenye mkoba, nikapitia kikao cha kikoba, kikachelewa kuisha, nikafika nyumbani saa 11 jioni. Kesho yake asubuhi nikawapa. Tangi lilikuwa limekauka, mvua hakuna, nikatumia maji ya bomba. Dozi nilipima vizuri, sikupunja.

Siku ya 26 akaja jirani yangu, naye anafuga kuku wa kienyeji. Aliingia hadi ndani, akazunguka, akasema, "Mh! Kuku wote hawa, mwenzetu unatajirika." Siku ya 29 kuku wakaanza kujikunyata, manyoya yamesimama, wanaharisha maji meupe, wanajidonoa nyuma. Nilinunua dawa aina mbili dukani, hazikusaidia. Siku ya kwanza walikufa 11. Ya pili 48. Ya tatu sikutaka kuhesabu, mume wangu ndiye aliyehesabu. Ndani ya siku 6 walikufa 287. Wawili niliwachinja nikitaka kuokoa nyama, nikakuta mapaja yana madoa ya damu, nikawazika pamoja na wenzao. Shimo alichimba mume wangu usiku ili watoto wasione, na asubuhi waliliona. Waliobaki walidumaa, nikawauza kwa bei ya hasara, nikafunga banda. Nilipompigia mama kumweleza, aliniambia hata mpunga unasombwa.

Deni la kikoba limebaki 640,000. Nalipa, lakini natuma marejesho kwa mtu, vikaoni siendi. Siku hizi nauza vitumbua asubuhi na tunakula. Nikipita stendi nikasikia vifaranga wanalia kwenye maboksi, moyo unanienda mbio mpaka nageuza njia. Mama mkwe anasema riziki ya kuku si yangu. Shoga zangu wanasema jirani ana jicho. Jirani mwenyewe nikikutana naye namsalimia nikiangalia pembeni.

Kilichofanya nikuandikie ni hiki. Mwezi uliopita mama alinipigia, ana furaha, amevuna vizuri. Akasema ameniwekea 700,000 nianze tena kufuga. Nikamjibu, "Mama, banda linavuja, tusubiri." Halivuji, shangazi. Sasa kila akipiga anaulizia paa. Juzi amesema ameshaulizia bei ya bati Ifakara, na kwamba atanitumia hela ya bati kwanza. Mama yangu ana miaka 63, analima mwenyewe kwa mkono.

Niambie ukweli. Ni mikosi, au ni mimi sifai? Nianze tena au niachane nayo? Na mama nimwambie nini?

Mwenye Ufunguo, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kuna la haraka. Hela ya bati inaweza kuingia kwenye simu yako hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Ikiingia, usiiguse, na usiirudishe kwa kisingizio kingine. Iache palepale. Kwa mama tutafika, ila huwezi kumweleza ukweli ambao mwenyewe bado huujui. Ulisema paa linavuja kwa sababu hukuwa na jibu lingine mdomoni. Mwaka mzima sasa hujui kuku wako waliuawa na nini, na mtu wa namna hiyo hukiona kifo kila mahali: kwenye boksi la vifaranga, kwenye neno la jirani, kwenye ufunguo alioushika. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walijua kwamba kushtuka ni haki yake. Lakini ili aache kuogopa kila ukindu ulioanguka njiani, lazima ajue nyoka yule alikuwa wapi na yeye alikanyaga wapi.

Barua yako niliisoma mara mbili kwa uchungu. Mara ya tatu nikaisoma na kalamu mkononi. Kisha nikampigia afisa mifugo mmoja ninayemfahamu, nikamsomea neno kwa neno bila kutaja mtaa wala mji. Akaniambia kwanza kwamba ugonjwa haupimwi kwa simu, ilitakiwa kuku apasuliwe. Halafu akasema: umri wa wiki 4, mharo mweupe, kuku kujidonoa nyuma, madoa ya damu mapajani, vifo kupanda kwa siku chache kisha kukatika, hayo yote ndivyo Gumboro inavyokuja. Ni ugonjwa wa virusi. Hauna dawa ya kuutibu. Zile dawa mbili ulizonunua zisingeweza kuwaokoa, wala hakuna dawa ya tatu uliyoshindwa kuipata. Kama kuna usiku ulilala ukiwaza "ningewahi duka lile jingine," usiku huo uusamehe leo.

Swali lililobaki ni kwa nini Gumboro iliwakuta hawana kinga wakati uliwachanja. Jibu uliliandika mwenyewe, mwanangu, bila kujua kwamba unaliandika.

Chanjo ile ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa kuwa ni hai, inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu dukani hadi kwenye chombo cha kuku. Yako ilikaa kwenye mkoba toka saa 4 hadi saa 11, joto la Morogoro, Septemba, ikikusubiri kikaoni. Kama kulikuwa na virusi vilivyosalimika, kesho yake vilikutana na maji ya bomba. Maji ya bomba yanatiwa klorini, dawa ileile inayotukinga na kipindupindu, na klorini haijui kwamba hiki ni kirusi cha chanjo inatakiwa ikiache. Unasema dozi hukupunja. Nakuamini kabisa. Ila inawezekana sana kwamba asubuhi ile kuku wako walikunywa maji matupu, na wewe ukatulia moyo ukijua wamekingwa.

Sasa rudi Aprili. Barafu kwenye chupa ya chai. Maji ya mvua. Vifaranga 100 kwenye banda la mita za mraba 30, yaani 3 kwa kila mita. Septemba: hakuna barafu, hakuna maji ya mvua, na kuku karibu 17 kwa kila mita, wakati banda kama lako, la kupitisha hewa ya kawaida tu, lisingezidi 10. Wakibanana hivyo, mmoja akiugua amewaugulia wote, na joto na unyevu wa maranda vinamaliza kazi.

Hapa nataka twende taratibu, kwa sababu hapa ndipo nina jambo la kukwambia ambalo sidhani kuna aliyekwambia. Watu wote wanaokuzunguka wanalichungulia shimo la Oktoba: mama mkwe, shoga zako, wewe mwenyewe. Mimi naona kosa la mwanzo lilifanyika mwezi wa sita, siku uliyokaa kitandani ukahesabu hela za wale 96. Ulihesabu hela ukadhani umehesabu na sababu. Hukujiuliza kwa nini walipona. Uliona afisa anavyochanganya, ukashika mwendo wa mikono yake, ile barafu ukaiona kama chombo tu cha kubebea. Nani angekulaumu? Mambo yakienda vizuri hakuna anayekaa kuyachunguza. Tunachunguza misiba, na tena wengi wetu hata hiyo hatuichunguzi, tunaizika usiku tukafunga mlango.

Nimeyafanya hayo mwenyewe. Nikiwa na miaka 25 nilikuwa fundi cherehani, na kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa gauni la bibi harusi. Nilikwenda kumpima kwao, nikarudi dukani nikakata, nikashona siku nne. Alipokuja kulijaribu, zipu haikupanda. Lilimbana kifuani na kiunoni kwa inchi nzima, siku mbili kabla ya ndoa, na kitambaa kilikuwa kimenunuliwa Dar es Salaam, hakuna kingine. Alilia mbele yangu. Baada ya hapo nilikaa zaidi ya mwaka nashona viraka, napunguza urefu wa sare za shule, natia vifungo. Kitambaa kipya akiniletea mtu namwambia nina kazi nyingi. Nilijisadikisha kwamba mkono wangu ni mzito, kwamba kukata sikujaliwa.

Fundi mzee aliyekuwa ananipangisha kona ya duka lake alinivumilia, kisha siku moja akaniuliza, "Yule binti ulimpima na futi ipi?" Nikamwonyesha, futi ya kitambaa, ya zamani, ninayotembea nayo mkobani. Akaichukua, akailaza mezani sambamba na ile mpya ninayokatia. Yangu ya mkobani ilikuwa imevutika kwa kutumika. Ilipoandika 36, ile mpya ilikuwa inaandika 37. Nilimpima binti wa watu kwa futi moja nikamkatia kwa nyingine.

Nilizikodolea macho zile futi mbili. Nilikuwa nimejinyima kazi mwaka mzima kwa ajili ya inchi moja ya kitambaa kilichovutika. Kosa lilikuwa langu, ndiyo, fundi anatakiwa akague futi yake. Lakini lilikuwa kosa lenye urefu unaopimika, lenye mwanzo na mwisho, linaloweza kutupwa pipani. Wiki ile ile nilikata gauni. Mikono ilitetemeka, sitakudanganya, na nilipima mara tatu. Hofu haikuniacha siku ile. Ilianza tu kuwa na kazi ya kufanya: ilinikumbusha kukagua futi. Hadi leo nakagua.

Ndiyo maana nimekulazia Aprili na Septemba sambamba hapo juu. Nataka uzitazame kwa muda.

Unaniuliza kama hufai. Hili jina Gumboro ni la mahali, huko Delaware, Marekani, ambako ugonjwa huu ulizuka mwishoni mwa miaka ya 1950. Waliokuwa wanafuga huko walikuwa na kuku kwa maelfu, na madaktari wa mifugo karibu. Daktari aliyeuandika mara ya kwanza mwaka 1962, A. S. Cosgrove, alipasua kuku akaona figo zimeharibika, akaupa jina la ugonjwa wa figo. Wengine wakadhani unatoka kwenye kirusi cha mkamba wa kuku, ugonjwa wa njia ya hewa uliokuwa unajulikana tayari. Haikuwa hivyo. Kazi iliyofuata ndiyo iliyoonyesha kwamba kirusi hiki ni kingine, na kwamba kinacholengwa hasa ni kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja ya kuku, kifuko kinachomjengea kifaranga kinga ya mwili. Walifikaje huko? Waliendelea kupasua kuku waliokufa na kutazama, hata baada ya kutazama pasipo. Ile chanjo iliyokuwa mkobani mwako imetokana na watu waliokosea kwanza.

Na jirani. Hapa naomba uwe mpole na nafsi yako na yake. Virusi vya Gumboro ni vigumu kufa, vinaweza kukaa kwenye banda lenye uchafu zaidi ya miezi 3, na vinasafiri kwenye kinyesi kilichoganda chini ya kiatu. Jirani ana kuku, alitoka kwake, akaingia kwako hadi katikati ya maranda, na siku 3 baadaye kuku wako wakaanza kujikunyata. Ugonjwa huu huchukua siku 2 hadi 3 tangu kuingia hadi kuonekana. Siwezi kuapa kwamba ndiyo njia iliyopita, huenda ulikuja na boksi la chakula au na viatu vyako mwenyewe. Lakini ukitaka kujua jirani alileta nini, mimi ningetazama miguu yake kabla ya macho yake. Na kwa miguu dawa ipo: ndala za bandani zisizotoka bandani, beseni la dawa mlangoni, na mgeni anatazamia nje ya wavu, hata akiwa mama mkwe. Jirani yule alikusifia, mwanangu. Kesho msalimie ukimtazama usoni.

Sasa, uanze tena? Mimi naona uanze, lakini si kwa sababu nataka kukuona shujaa. Naona uanze kwa sababu umeshalipia somo hili kwa fedha nyingi sana na bado hujalitumia. Kama ukishaelewa yote haya ukaona moyo wako uko kwenye vitumbua, funga banda kwa amani, ligeuze stoo, hakuna aibu. Ninachokukataza ni kuamua ukiwa nje ya mlango. Fungua kwanza.

Humo ndani kuna maranda ya mwaka jana. Yatoe yote, yachome au uyafukie mbali. Sugua sakafu na kuta kwa sabuni hadi uchafu uishe, maana dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kaushe, ndipo upulizie dawa, kisha upake chokaa. Liache tupu wiki 2. Kazi hii usiifanye peke yako, mume wako aliyechimba shimo usiku ule naye ana banda hili kifuani.

Vifaranga wawe 50. Ninajua 50 hawana faida ya kueleweka, na wauza chipsi watakuuliza mbona wachache. Hao 50 unawalea ili ujue kwamba unajua. Fedha itoke kwenye vitumbua, kidogo kidogo, isitoke kikoba wala Ifakara. Kipimo changu ni kimoja: wakifa wote, utaweza kulipa ada ya watoto na marejesho ya mwezi huo? Kama ndiyo, walete. Kama hapana, walete 30.

Siku ya chanjo, duka liwe kituo cha mwisho kabla ya nyumbani, na chupa ya chai yenye barafu uende nayo toka nyumbani. Maji yawe ya mvua au ya kisima kisafi. Ikibidi ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, asubuhi tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hivi kwa lita, koroga, subiri kama nusu saa, ndipo utie chanjo. Vyombo vioshwe bila sabuni wala dawa siku hiyo. Wanyime kuku maji saa moja au mbili ili wanywe kwa kiu, na chanjo iishe ndani ya saa 2. Ratiba ya siku za chanjo, ya kideri (ugonjwa mwingine wa kuku) na ya Gumboro, na lini urudie, akupangie afisa mifugo wa kata yako, kwa sababu inategemea vifaranga wametoka kwa mama wa aina gani na eneo lina ugonjwa gani. Kumfuata ofisini ukamwambia "mwaka jana nilipoteza 287" ni kugumu, nalijua hilo. Mwambie hivyohivyo, na idadi yake. Atakuheshimu kwa kuijua.

Nunua na daftari. Kila siku andika: wangapi wazima, wangapi wamekufa, maji ya wapi, nani ameingia. Wakienda vizuri, andika vilevile, na hasa wakienda vizuri. Akifa mmoja au wawili bila sababu, usizike. Mpeleke kwa afisa akiwa bado fresh, ndani ya saa chache, ampasue ukiwa umesimama hapo unaangalia.

Na watakufa wachache, mwanangu. Hata mwenye barafu na kisima hupoteza. Kuna mwaka bei ya chakula itapanda katikati ya wiki ya 4, kuna siku umeme utakatika dukani kabla wewe hujanunua chanjo, na hutajua. Sikuahidi kwamba ukitenda yote haya utafanikiwa. Nakuahidi kwamba ukishindwa safari ijayo, daftari litakuonyesha ukurasa.

Kikobani rudi mwezi huu. Kaa kwenye kiti chako. Umelipa 1,360,000 kati ya milioni mbili ukiwa na hasara, kwa hela ya vitumbua, na wanaojua hesabu hapo wanaliona hilo hata kama hawalisemi.

Tumefika kwa mama.

Mama yako analima mpunga bonde la Kilombero. Unajua kuliko mimi ameona nini: kitalu kimesombwa na maji kabla ya kupandikiza, kweleakwelea wameshuka kwenye mashuke wiki moja kabla ya kuvuna. Ulipompigia Oktoba akakwambia hata mpunga unasombwa, wewe ulisikia anakufariji. Nadhani alikuwa anakusimulia maisha yake. Yeye hajawahi kufunga shamba kwa kufuli, halina mlango. Msimu ukirudi anaingia.

Mwambie hivi, kwa maneno yako: mama, banda halivuji, halijawahi kuvuja, niliogopa. Usianze na Gumboro wala klorini, anza na hilo. Ataumia kidogo kwamba ulimficha, mpe nafasi aumie. Kisha msimulie barafu, maji, wingi wa kuku, na viatu, na umwombe ile 700,000 aikalie hadi hawa 50 watoke. Akisisitiza kutuma sasa, mwambie unahitaji kitu kimoja toka kwake, aje akae nawe wiki ile ya 4. Ndiyo wiki utakayoogopa.

Mpigie jioni, akishatoka shamba na kuoga. Asubuhi atakuwa na haraka.

Shangazi